Maswali ya Wasomaji: Kaseti za Kwaya, Sauti ya Babu na Kanda Zinazonuka Siki

Barua za safari hii karibu zote zinahusu kaseti, kanda na santuri, na nyingi zimetoka Moshi na Arusha. Nyingi pia zinaanza vilevile: "Nilipoiweka kwenye redio..." Tunawaomba, msiiweke kwenye redio kwanza. Sababu mtaziona humu.

Stoo ya usharika wetu ina katoni mbili za kaseti za kwaya, kama 80 hivi, nyingi za miaka ya 1980. Katibu amepata kijana mjini atakayezihamishia kwenye flashi ziwe MP3. Mimi naona tungefanya wenyewe ila hatujui pa kuanzia. Mwanakwaya, Machame

Fanyeni wenyewe. Kazi hii si ngumu, ni ndefu. Kaseti 80 za dakika 60 ni saa 80 za kucheza, wala hakuna namna ya kuziharakisha. Ukiongeza kukagua, kusafisha na kuandika kumbukumbu, kila saa ya sauti itakula saa mbili hadi tatu za kazi. Mkikutana jioni tatu kwa wiki, saa mbili kila jioni, hesabuni zaidi ya nusu mwaka. Mwambieni katibu mapema asije akaahidi kuzindua albamu Krismasi.

Kuhusu MP3: faili hilo ni dogo kwa sababu linatupa sehemu ya sauti, na kilichotupwa hakirudi. Faili kuu liwe WAV, aina isiyotupa chochote, ya biti 24, sampuli 48,000 kwa sekunde. Hicho ni kiwango cha chini kinachokubalika na IASA, chama cha kimataifa cha wahifadhi wa sauti. Wao wenyewe wanapendelea 96,000. Kwa 48,000, saa moja ya stereo inachukua takriban GB 1, na kwa 96,000 GB 2. Kwa hiyo kaseti zenu zote hazitavuka GB 170 hata mkichagua kiwango cha juu. MP3 za kuwagawia wanakwaya mtazitoa kwenye faili hilo baadaye, mara nyingi mtakavyo.

Sasa kaseti yenyewe. Kabla ya yote, geuza mgongo wake utazame vile vipande viwili vidogo vya plastiki kwenye pembe. Kama bado vipo, vivunje kwa ncha ya bisibisi. Bila hivyo, kidole kikikosea kitufe, mashine inarekodi ukimya juu ya sauti ya soprano. Kisha chungulia dirishani: utepe uwe umejikunja sawasawa, usiwe na madoa meupe ya kuvu, na usiwe umepanda juu ya mwenzake. Chungulia pia kule mbele, katikati, kuna kipande kidogo cha sufi juu ya kibanzi cha shaba. Hicho ndicho kinachosukuma utepe uguse hedi, kile kichuma king'aavu cha mashine kinachosoma sauti. Gundi yake hukauka kikadondoka, na hapo sauti inakuwa ya mbali, inayokuja na kwenda. Watu hudhani kaseti imekufa kumbe kimeanguka kipande cha sufi. Kitoe kwenye kaseti isiyo na thamani ukibandike. Yote yakiwa salama, tia kalamu ya Bic kwenye tundu, uzungushe kidogo. Ukiona utepe ni mgumu usilazimishe.

Mashine isiwe kile kidude kidogo cha plastiki kinachouzwa kwa kazi hii hii, chenye waya wa USB. Mwendo wake unayumba, na kwaya inayoyumba hairekebishiki. Tafuteni deki ya mezani, hata ya mtumba, yenye matundu ya nyuma mekundu na meupe. Mpelekeeni fundi redio abadilishe belti zote hata kama inacheza, maana belti ya miaka thelathini ama imelegea ama imeyeyuka ikawa kama lami. Hedi ifuteni kwa pamba ya kijiti iliyoloweshwa alkoholi ya isopropili ya asilimia 90 kwenda juu, ile ambayo mafundi simu wanasafishia bodi. Spiriti ya buluu haifai, inaacha utando. Rola ya mpira ifuteni kwa kitambaa chenye maji na sabuni kidogo, kwa sababu alkoholi inaukausha mpira ukapasuka. Rudieni usafi huu kila baada ya kaseti tano, na mara moja pamba ikitoka ya kahawia.

Tundu la maiki la laptop nalo liacheni. Mara nyingi ni la upande mmoja tu na limetengenezwa kwa sauti dhaifu, hivyo sauti ya deki itapasuka humo. Nunueni kinasa sauti cha USB chenye matundu mawili ya kuingizia sauti ya deki (line-in). Programu ya Audacity ni ya bure na inatosha.

Hatua inayorukwa na wengi ndiyo yenye faida kubwa kuliko zote. Kando ya hedi kuna skrubu mbili. Moja imekaza kabisa. Nyingine ina springi chini yake, na mara nyingi imetiwa tone la rangi. Hiyo ya springi inalaza au kuinua hedi kwa nyuzi kidogo sana. Kila kaseti ilirekodiwa kwenye mashine yake, na hedi ya mashine ile ililala kwa namna yake. Hedi yako ikilala tofauti, sauti nyembamba zote zinapotea, na mtu husema "kaseti imechoka". Basi: weka alama ilipo skrubu kwa rangi ya kucha. Vaa hedifoni, changanya kushoto na kulia ziwe mono, yaani sauti moja, tafuta mahali penye kayamba au herufi S nyingi. Zungusha skrubu taratibu, isizidi robo mzunguko kila upande. Kayamba itatoka kwenye sauti iliyozibwa hadi kwenye mchakacho mkali, halafu ukiendelea itafifia tena. Simama pale ilipokuwa kali kuliko kote. Fanya hivyo kwa kila kaseti, na upande B pia ukaguliwe. Kazi hii ni ya dakika mbili na inazidi vichujio vyote vya kompyuta.

Kabla ya kurekodi, cheza kwanza mahali penye kelele kuliko pote, penye vigelegele, upange ngazi ya sauti: vilele vifike kati ya desibeli -12 na -6, visiguse sifuri hata mara moja. Kikigusa sifuri kimekatwa, na mkato wa kidijitali hauna dawa. Zima sauti za taarifa kwenye kompyuta, weka simu mbali, rekodi upande mzima bila kusimamisha. Mchakacho wa utepe uacheni humo humo. Faili kuu halisafishwi wala halikatwi. Usafishaji fanyeni kwenye nakala. Tumeona kazi nyingi ambapo mchakacho uliondolewa na pumzi ya mwimbaji ikaondoka nao.

Jina la faili lisiwe "Wimbo mpya final 2". Iwe kitu kama KWAYA_K014_A.wav, na namba hiyo hiyo iandikwe kwa penseli kwenye karatasi ya kaseti. Mengine yaende kwenye jedwali: wimbo, mwalimu wa kwaya, mahali, mwaka kama unajulikana, lugha, mashine iliyotumika. Wazee wanaoweza kusema "huyo anayeanzisha ni fulani" waitwe mapema, faili za kwanza zikiwa tayari, wasikilize na kutaja majina huku mtu anaandika.

Kaseti ya babu akisimulia mambo ya ukoo imekatika, na kipande kingine kimekunjamana kama karatasi ya pipi. Nina selotepu. Naweza? Mjukuu, Marangu

Selotepu weka mbali kabisa. Gundi yake inavuja, inapita mzunguko kwa mzunguko, na baada ya miezi kadhaa tabaka zimeshikana. Kuna utepe maalumu wa kuungia kaseti, wenye upana unaokaribia milimita 3.81 za kaseti yenyewe. Ndio huo tu.

Kama ganda lina skrubu tano, lifungue likiwa limelala mezani juu ya karatasi nyeupe, upande wenye skrubu ukiwa juu, na uinue kifuniko taratibu kwa sababu rola mbili za pembeni na karatasi laini za ndani hupenda kuruka. Piga picha kwa simu kabla ya kugusa chochote. Kama ganda limegandishwa bila skrubu, pitisha kisu chembamba kwenye mshono hadi lifunguke, kisha hamishia utepe kwenye ganda la kaseti nyingine lenye skrubu.

Nawa mikono ukauke. Laza ncha mbili zipishane kidogo, uzikate pamoja kwa wembe mpya, kwa mshazari wa nyuzi 45. Zikikatwa pamoja zinalingana zenyewe. Upande wa utepe unaotazama nje, unaogusa hedi, ndio wenye sauti. Kiungo kibandikwe upande wa pili, mgongoni. Kisiwe kirefu zaidi ya sentimita moja na nusu, na kisichomoze pembeni hata unywele. Kandamiza kwa ukucha hadi povu za hewa ziishe. Usikate kipande kilichokunjamana ukakitupa: humo kuna maneno. Kinyooshe kwa vidole, kizungushe ndani kwa kalamu, ukiache siku mbili tatu kibanwe na mizunguko mingine. Pasi usithubutu.

Icheze mara moja, ukiwa tayari unarekodi. Jaribio la kuonja kama inafanya kazi ndilo huwa jaribio la mwisho.

Nimekabidhiwa kanda kubwa za riili kumi na mbili, maboksi mengine yameandikwa Sauti ya Injili. Nikizicheza, spika moja inatoa mahubiri vizuri, nyingine inatoa maneno kinyumenyume. Mbili zinanuka siki. Mwalimu mstaafu, Moshi

Shikamoo Mwalimu. Kwa hayo maneno ya kinyumenyume, mashine yako ni nzima na kanda ni nzima. Mashine nyingi za zamani zilirekodi mono kwenye nusu ya upana wa kanda, halafu riili ikageuzwa na nusu iliyobaki ikarekodiwa kurudi. Mashine yako ya stereo inasoma nusu zote mbili kwa pamoja: ya kwanza inakwenda mbele, ya pili inarudi nyuma. Badala ya kukereka, shukuru, kwa kuwa unaweza kunasa pande mbili kwa mpito mmoja. Rekodi stereo, halafu kwenye Audacity tenga chaneli mbili. Ya kushoto ihifadhi ilivyo. Ya kulia igeuze kwa amri ya kurudisha nyuma, na mahubiri ya upande wa pili yatasimama kwa miguu yake. Faili lenye pande zote mbili lihifadhi pia kama lilivyotoka.

Angalia mwendo. Mashine za nyumbani na za misheni zilitumia zaidi sentimita 9.5 au 19 kwa sekunde. Riili ya sentimita 18 yenye mita 360 za kanda itakwenda kama saa moja na dakika tatu kwa mwendo wa 9.5, na nusu yake kwa 19. Mhubiri akisikika kama kifaranga, umekosea mwendo.

Siki ni habari nyingine. Shika riili uielekeze dirishani uitazame kwa ubavu. Mwanga ukipenya kwenye tabaka, kanda ni ya plastiki iitwayo asetati. Ukizuiwa, ni poliesta, plastiki ya aina nyingine. Asetati ikianza kuoza inatoa asidi ya siki, na asidi hiyo inaharakisha uozo, wa kanda hiyo na wa majirani zake. Watoe wagonjwa wawili chumba kingine leo hii, kwenye boksi la karatasi lisilobana hewa, na uanze kurekodi nao. Asetati iliyozeeka hukatika kama biskuti: usitumie kasi ya kuzungusha haraka, na usikaze breki.

Kanda za poliesta zina ugonjwa wao. Baadhi ya zilizotengenezwa miaka ya 1970 na 1980 zilikuwa na gundi inayofyonza unyevu. Zinapiga mluzi, mashine inapunguza mwendo, hedi inavaa uji wa kahawia. Zima hapo hapo. Maabara huzioka kwa nyuzijoto 54 hivi kwa saa nane au zaidi, kwenye oveni ya maabara yenye joto lisiloyumba, na baada ya hapo zinachezeka kwa wiki kadhaa. Oveni ya keki hupanda na kushuka nyuzi nyingi, haifai kabisa. Na asetati haiokwi kamwe, kwa hiyo usioke chochote kabla ya kujua ni aina gani.

Hayo maboksi yashughulikie kwa heshima ya pekee. Redio Sauti ya Injili ilirusha matangazo kutoka Addis Ababa tangu 1963 hadi serikali ya Ethiopia ilipoitaifisha 1977, na vipindi vya Kiswahili vilitayarishwa Moshi. Maandishi ya boksi, vikaratasi vilivyomo ndani, hata namba zilizokwaruzwa kwenye riili, vipige picha vyote kabla hujaanza.

Kila nikirekodi kutoka kwenye deki kuna mvumo mzito usiokoma. Sakina, Arusha

Chomoa chaja ya laptop, ufanye kazi kwa betri. Mvumo ukikoma, chanzo ni umeme wa ukutani kuzunguka kati ya deki na kompyuta kupitia waya wa sauti. Mara nyingi inatosha kuchomeka vyote kwenye ekstensheni moja. Ukibaki, angalia waya wa sauti usilale sambamba na wa umeme. Usijaribu kuondoa mvumo kwa programu wakati dawa yake ni kuchomoa waya.

Nimenunua flashi ya TB 2 kwa bei nzuri sana mnadani. Inatosha kuweka mkusanyiko mzima? Arusha

Bei nzuri sana ndiyo dalili. Flashi nyingi za namna hiyo zina GB chache ndani na zimedanganywa zijitangaze TB 2. Zinapokea mafaili yote, na yaliyozidi yanaandikwa juu ya yaliyotangulia bila kelele. Programu ya bure ya H2testw kwenye Windows huijaza na kuisoma tena, itakwambia ukweli kwa kutumia saa kadhaa. Hata ikiwa halali, flashi ni ya kubebea, si ya kutunzia. Tunza nakala tatu: diski mbili za nje za chapa tofauti, na ya tatu mahali pengine, kwa ndugu aliye mkoa mwingine au kwenye hifadhi ya intaneti. Mara moja kwa mwaka fungua zote usikilize mafaili machache.

Santuri za bibi zina ukoko wa vumbi. Fundi ameshauri nizifute kwa spiriti. Kaloleni, Arusha

Usifute! Kama ni zile nzito zinazozunguka mara 78 kwa dakika na zinavunjika kama sahani, zimetengenezwa kwa shelaki, na alkoholi inayeyusha shelaki. Mifereji itaondoka na pamba. Ndizo za zama za Siti binti Saad, aliyesafiri hadi Bombay kurekodi mwaka 1928. Tumia maji yaliyochemshwa yakawa mvuke na kurudishwa, yale ya betri lakini yasiyo na asidi, na tone la sabuni ya vyombo. Brashi laini ifuate mzunguko wa mfereji. Karatasi ya katikati isilowe. Suuza, simamisha ikauke kivulini. Halafu sindano: ya LP, zile santuri laini za plastiki, ni nyembamba mno, inatambaa chini ya mfereji ikikusanya uchafu. Ya 78 ina ncha pana kama mara nne. Santuri laini za plastiki ni habari tofauti, ila kwa hizo pia maji na sabuni yanatosha.

Kaseti zetu zimeota kitu cheupe kama unga. Pasua, Moshi

Ni kuvu. Usizipulize, na vaa barakoa. Ziweke kwenye mfuko peke yake, kisha zikae sehemu kavu yenye hewa, kivulini, wiki mbili hadi kuvu iwe vumbi. Ndipo uifute kwa brashi laini nje ya nyumba. Zicheze mwisho, kwenye mashine unayoweza kuitoa sadaka, na uisafishe hedi baada ya kila moja. Ukizicheza kwenye deki nzuri unaihamishia ugonjwa kaseti inayofuata.

Mama yangu alikuwa akinitumia jumbe za sauti WhatsApp. Simu inakaribia kufa. Njiro

Pole, na harakisha. Kwenye Android mafaili hayo yamo ndani ya folda ya WhatsApp iitwayo Voice Notes, majina yakianza na PTT na tarehe, mfano PTT-20230412. Nakili folda nzima kwa waya kwenda kompyuta. Mafaili ni ya aina ya opus. Yaache hivyo hivyo. Kuyageuza kuwa WAV hakuongezi ubora, kunaongeza ukubwa tu. Kurekodi kwa simu ya pili iliyowekwa karibu na spika ndiko kupoteza. Tarehe iliyo kwenye jina ni kumbukumbu, usiyabadilishe majina. Andika maelezo kwenye karatasi au jedwali pembeni.

Tukimaliza tuziweke YouTube? Na kaseti zenyewe tuzitupe? Mwanakwaya huyu huyu wa Machame

YouTube kwanza mtafute mtunzi au warithi wake, maana Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inamlinda hata kama kwaya ndiyo iliyoimba. COSOTA, Ofisi ya Hakimiliki Tanzania, wataeleza utaratibu.

Kaseti msizitupe. Huenda miaka ijayo mtu akazisoma vizuri kuliko ninyi, au diski ikafa. Zirudisheni kwenye majumba yake, utepe ukiwa umezungushwa hadi mwisho wa upande mmoja, zisimame wima kama vitabu. Zisiwekwe darini chini ya bati, wala sakafuni ambako masika huingiza unyevu, wala kando ya spika za kanisa, kwa sababu sumaku za spika hufuta kidogo kidogo. Rafu ya mbao ya chumba cha ndani, isiyoegemea ukuta wa nje, inatosha. Na kwenye katoni bandikeni orodha yenye namba zile zile za mafaili.